Upande Aliolazwa Bibi

"Viatu vyako uvivue," ndilo neno la kwanza nililoambiwa niliporudi katika bonde la bibi yangu huko Muyinga, Burundi, baada ya miaka mingi ambayo sipendi kuihesabu. Aliyeniambia alikuwa mwanamke wa rika langu, amefunga kitenge kiunoni, jembe begani, na hakuniangalia usoni wakati anasema. Alikuwa na haki. Kingo za majaruba ya mpunga ni nyembamba, udongo wake unateleza, na mtu wa mjini akishuka na viatu vyake vya mjini huishia kuketi matopeni mbele za watu. Nikavivua, nikafunga kamba zake pamoja na kuvitundika shingoni kama tulivyofanya utotoni. Nilipokanyaga ule udongo baridi, rafiki yangu, machozi yalinitoka kabla sijajua ninalia nini.

Nilikuwa nimetumwa na mama. Mama yangu yuko Gitega, mtaa wa Yoba, na miguu yake haimbebi tena. Mtu akifika umri ule huanza kudai vitu vidogo: chai iwe ya moto zaidi, mlango usibamizwe. Mama hakudai hata kimoja kati ya hivyo. Alidai jambo moja tu, na alilidai kila siku mpaka nikapanda gari: niende Muyinga nikaulize mama yake alizikwaje. Tulijua kwamba alikufa na tulijua kwamba majirani walimzika, basi. Kama alioshwa, kama alivikwa sanda, kama alilazwa ameelekea Kibla, ule upande wa Makka ambako sisi Waislamu huelekea tukiswali na hulazwa tukizikwa, hakuna aliyeweza kutuambia. Mama alikuwa amelibeba swali hilo tangu nikiwa msichana, na sasa alikuwa anaogopa kulibeba hadi kaburini kwake mwenyewe.

Sokoni Muyinga nilitaja jina la bonde, nikaomba mtu wa kunipeleka. Wanawake wa sokoni wakanionyesha huyo mwenye jembe, wakanong'ona kwamba ndiye binti wa jirani ya bibi yangu. Nilimtambua kwa namna alivyosimama, mguu mmoja ukisugua mwingine. Utotoni tulifukuza ndege pamoja. Yeye pia alinitambua, niliona, lakini hakucheka wala hakunipa mkono mara mbili kama wafanyavyo watu wa kwao wakiwa na furaha. Alisema tu twende, akatangulia.

Ngoja nikueleze tulikotoka, ndipo uelewe ukimya wake.

Nyumbani kwetu Gitega baba alikuwa fundi wa cherehani, na mama aliuza vitenge sokoni, wateja wake wengi wakiwa watu wa vijijini waliopanda kutoka Nyarusange na Giheta siku ya soko. Tulikuwa familia ya Waswahili, maana kule kwetu ukiwa Mwislamu wa mjini, mwenye biashara au ufundi wa mkono, watu hukuita Mswahili hata kama babu yako alizaliwa kilima cha pili. Mama akitaka kuswali alitandika msala wake mbele ya ukuta wenye dirisha dogo. Nje ya dirisha hilo ndiko ilikokuwa inaanzia barabara ya Karuzi, ile inayofika mpaka Muyinga kwa bibi. Basi mimi, katika akili yangu ya kitoto, nikaamini kwamba mama anaswali akimwangalia mama yake. Niliona ni jambo la adabu. Siku mwalimu wa madrasa alipouliza Kibla kiko wapi, nilinyoosha mkono mbele ya wote nikajibu: "Muyinga, kwa bibi." Darasa likaanguka kwa vicheko. Mwalimu, ambaye kiboko chake kilikuwa chepesi siku ambazo amekunywa chai vizuri, alinigusa nacho kichwani akasema Muyinga iko njiani tu, safari yenyewe ni ndefu zaidi.

Shule zikifungwa tulipelekwa huko njiani. Gari lilipanda na kushuka vilima, mama akifungua kikapu cha maandazi kila tulipoanza kulalamika. Tulipofika, bibi hakutukumbatia mpaka atunuse kwanza vichwani aone kama tumeogeshwa. Halafu alikuwa na msemo wake kwa wajukuu. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi alisema siku ya tatu mpe makopo. Makopo yalikuwa ya mafuta na nyanya, yametobolewa na kutungwa kwenye kamba ndefu iliyovuka mpunga kutoka ukingo hadi ukingo, na kazi yetu ilikuwa kuivuta kamba ndege wakitua. Kengele ya kwanza ya siku kwetu ilikuwa makopo hayo. Jua halijakausha umande, sisi tayari tumeketi ukingoni na viazi vitamu vya kuchoma mapajani, tunavuta kamba na kupiga kelele, na ndege wanahama kutoka jaruba la bibi kwenda la jirani, ambako binti wa jirani naye anavuta kamba yake na kuturudishia. Tulirushiana ndege namna hiyo mpaka adhuhuri.

Bonde lenyewe lilishuka kwa ngazi. Juu kabisa, chini ya kilima, kulikuwa na chemchemi, na maji yake yalitoka jaruba moja kuingia jingine, kila jaruba likiwa chini kidogo ya lenzake, hadi kule chini ambako yaliungana na kijito. Bibi alikuwa miongoni mwa walioyafungua mashamba hayo. Mwaka ule bendera ya Mbelgiji iliposhushwa, bonde lilikuwa mafunjo matupu, makao ya nyoka na vyura. Bibi, mjane bado kijana, alishuka na mundu pamoja na jirani yake, ambaye naye alikuwa na midomo ya kulisha, na juu ya hiyo mume wa kusukuma, wakafyeka na kuchimba bega kwa bega. Ndiyo sababu alizoea kusema kwamba jaruba lake na uhuru wa nchi ni umri mmoja. Nchi ikimwudhi aliongeza kwamba jaruba limekuwa na utii zaidi.

Jirani alikuwa Mkristo. Jumapili alivaa gauni lake la rangi ya maziwa akaenda kanisani, Ijumaa bibi naye akajifunga vizuri akapanda mjini msikitini, na siku zilizobaki walikuwa wamepinda migongo pande mbili za ukingo mmoja, wakiongea bila kuangaliana. Walipokezana maji kwa zamu. Mmoja akiugua, mwingine alimfungulia maji kabla ya kujifungulia yeye.

Kule kwetu watu husaidiana kulima kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na kazi hiyo huitwa ikibiri. Mwenye shamba ndiye anayewanywesha wenzake, na kwa kawaida hunywesha pombe ya ndizi. Bibi hakuwa na pombe. Alileta birika kubwa la chai ya maziwa yenye tangawizi inayochoma koo, na sinia la vitumbua vya mchele wake mwenyewe. Wanaume walimtania kwamba ikibiri ya Mswahili humrudisha mtu nyumbani akiwa bado anakumbuka jina la mkewe. Lakini walikuja, na walikuja mapema. Wote walijua sharti lake: hakuna mtu kutia mguu majini kabla yeye hajasema bismillahi. Mwanzoni walicheka. Baadaye wakaanza kuisema pamoja naye, wanaume kwa wanawake, Wakatoliki na Waprotestanti, kwa sauti moja kama watu wanaonyanyua gogo, halafu miguu yote ikaingia matopeni. Hata siku ambazo bibi hakuwepo, hata kwenye majaruba ya wengine, ungesikia "Bismillahi!" ikipigwa bondeni. Mgeni angedhani kuna msikiti katikati ya mpunga.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, bibi alituambia tulipolalamika migongo inauma. Tulitembea kinyumenyume tukichomeka miche, vidole vikinuka matope, na maji yakitufikia magotini.

Adhuhuri ikifika bibi alipanda kwenye ukingo mpana uliotenga jaruba lake na la jirani. Aliteremka kwanza kwenye mfereji akatawadha: mikono, mdomo, pua, uso, mikono tena hadi kwenye viwiko, kichwa, masikio, miguu. Halafu alitandika khanga yake, akasimama. Kutoka pale ukingoni, Kibla kilikuwa juu ya bonde, kule kule kwenye chemchemi. Jirani na binti yake walisimamisha majembe ili wasimrushie matope, wakamwangalia. Hakuna aliyemwuliza, na bibi hakuwa mtu wa kujieleza. Basi wao wakaelewa walivyoelewa: huyu mama anayaombea maji. Mwaka ambao mvua ilichelewa na chemchemi ikawa inadondosha tu, jirani alikuja asubuhi na ndizi mbivu, akamwomba awakumbuke na wao akisimama kuangalia maji. Bibi alipokea ndizi akasema amesikia. Mimi pia sikuona kosa lolote hapo. Nilipoona bibi naye anaangalia mbele zaidi, nilikisogeza Kibla changu kutoka Muyinga mpaka kwenye chemchemi.

Mavuno yaliangukia kiangazi, siku zile za sherehe za uhuru, wakati watoto wa shule wanafundishwa kutembea kwa mstari na ngoma zinasikika kutoka mjini. Ni harufu ya siku hizo inayonirudia nikiwa mgonjwa. Mabua yaliyokatwa, kinu kinagonga, makapi yanapeperuka kutoka kwenye ungo wa bibi na kutuingia machoni. Chungu cha kwanza cha wali mpya kilipikwa na mafuta ya mawese na ndagala wakavu, wale dagaa wa kwetu, mboga ya lengalenga pembeni. Bakuli la kwanza halikuwa letu. Lilipelekwa kwa jirani, na tulilipeleka kwa kukimbia ili turudi haraka kula.

Kisha miaka ya vita ikafika. Sitaisimulia. Anayeijua anaijua, na asiyeijua hataijua kwa karatasi moja. Nitasema tu kwamba tuliondoka Gitega na vile tulivyoweza kubeba, tukafika kwa bibi, na baba akaona kwamba hata pale si pa kukaa, mpaka uko karibu, tuvuke kwenda Tanzania. Mtaa wa Waswahili wa Muyinga ulikuwa unahama wote, milango inafungwa kwa kamba na kuku wanaachwa. Mama alimfuata bibi bondeni kumwita. Nilikuwa nyuma yake. Bibi alikuwa amesimama majini, mpunga umemfika kiunoni, umebeba mimba, ule wakati ambao bua hunenepa na suke bado liko ndani. Mama alimsihi, akapiga magoti pale ukingoni na kitenge chake kikaloa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mpunga iko na mimba," akasema. "Nani anakimbia anaacha mwenye mimba? Nenda na watoto. Nikivuna nitawafuata."

Alivuna, lakini hakutufuata. Tulikuwa kambini Tanzania wakati Mkongo mmoja wa Kivu ya Kusini, mfanyabiashara aliyekuwa akizunguka na vitenge pande zote za mpaka, alipomtafuta mama na kumketisha chini. Bibi alishikwa na homa baada ya mavuno, hakuamka tena, majirani wakamzika. Mama aliuliza wamemzika wapi, nani alimwosha. Yule mtu, Mungu amrehemu, alisema kweli: hakujua. Waswahili wote walikuwa wamekimbia na njia ya kwenda kwenye makaburi ya Waislamu mjini ilikuwa haipitiki. Majirani wamemzika. Mama alishika maneno hayo mawili, akayageuza na kuyageuza kwa miaka yote tuliyokaa kambini, na kwa miaka iliyofuata baada ya kurudi Gitega, huku mimi nikikua na Kiswahili cha Tanzania ambacho yeye hukicheka mpaka leo. Utaniuliza kwa nini hatukwenda mapema. Kulikuwa na ugonjwa wa baba, kisha kifo chake, kisha miguu ya mama. Na kulikuwa na woga. Asiyeuliza hajibiwi vibaya.

Sasa turudi ukingoni. Tulikuwa tumetembea kitambo, yeye mbele na mimi nyuma, nikitafuta mahali pa kuweka mguu na nisipate kitu ninachokijua. Bonde lilikuwa limepangwa upya. Majaruba yamenyooshwa kwa kamba, mfereji ni wa saruji, na mpunga wenyewe ni ule mfupi wa siku hizi, wote kimo kimoja, hauanguki wala haunuki kitu. Wa bibi ulikuwa mrefu na mvivu, upepo kidogo tu unalala. Wala makopo hayakuwapo. Utepe wa kaseti za zamani ulikuwa umefungwa kwenye miti, unametameta wenyewe bila mtoto. Niliuliza ukingo mpana ulikuwa wapi. Aliniambia tumeshaupita, umelimwa.

Akasimama. Bila kugeuka akaniuliza, "Umekuja juu ya shamba?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu Burundi mtu aliyekimbia akirudi, mara nyingi hurudi na swali la ardhi, na ndugu hupelekana mahakamani kwa upana wa jembe. Alikuwa amenitembeza njia yote hiyo akidhani nimekuja kumnyang'anya.

"Nimekuja juu ya kaburi," nikamjibu.

Aliteremsha jembe begani. Aligeuka akaniangalia kwa mara ya kwanza, na uso wake ukawa ule wa msichana wa kamba na makopo. Alisema walikuwa wanatungoja. Mama yake, yule jirani, alikuwa amekufa, lakini mpaka siku zake za mwisho alikuwa anasema kwamba Waswahili watakuja kuuliza, na mtu awe tayari kuwajibu. Akanishika mkono kama kipofu, tukapanda.

Tulipita chemchemi. Siku hizi imewekewa bomba, lakini maji ni yale yale, baridi mpaka kwenye meno. Tulipanda ng'ambo yake, juu ya kilima kinachosimama nyuma ya chemchemi, katikati ya mihogo, maharage na migomba iliyobanana mpaka unapita kiubavu. Hakuna kipande kilichoachwa bure. Ndipo ghafla migomba ikaachia nafasi, pakawa na majani mafupi yaliyofyekwa vizuri na mawe meupe ya mtoni yamepangwa kuzunguka. Katika nchi ambayo mtu hulima mpaka mlangoni kwake, watu hawa, wenye watoto wa kulisha, waliacha mahali hapa bila kutia jembe miaka yote hiyo. Niliketi chini.

Alinisimulia pale pale, taratibu, akichagua maneno kwa sababu yangu. Bibi alikuwa ameshanunua sanda yake zamani, akaiweka sandukuni na kumwonyesha jirani yake, kama wafanyavyo wazee wetu. Kwa hiyo sanda ilikuwapo. Lakini jinsi ya kuosha, jirani hakuwa amefundishwa na mtu. Alikuwa ameona tu, siku zote zile, akiwa amesimamisha jembe.

"Mi ndiye nilibeba maji, nilitoa pale ku chemchemi," akasema. "Mama alimuosha sawa vile yeye alikuwa anajiosha mbele ya kusali. Mikono, mdomo, pua, uso, yote, mpaka ku miguu. Halafu wanaume wakachimba. Hatukujua maombi yenu. Tulisimama pale tukaogopa, hakuna mtu alitaka kuanza. Basi baba akasema, semeni ile neno yake. Tukasema wote pamoja: bismillahi. Halafu wakamuteremsha."

Nikamwambia, na hili nilimwambia papo hapo kwa kuwa sikuweza kulizuia, kwamba sisi pia tukimteremsha maiti kaburini neno la kwanza ni hilo hilo. Alifumba macho akatikisa kichwa.

"Na tulimulaza ubavu, anaangalia maji," akaendelea. "Juu siku zote alikuwa anasali anaangalia maji. Mama alisema tusimukoseshe hapo."

Nilinyanyua macho. Ilikuwa bado asubuhi. Tulipokuwa tunapanda kuelekea chemchemi, jua lilikuwa mkono wangu wa kulia, kama linavyopaswa kuwa asubuhi mtu akielekea Kibla kutoka kwetu. Sasa tulikuwa tumeivuka chemchemi, tuko ng'ambo yake. Kutoka pale kaburini maji yalikuwa nyuma tulikotoka. Nikageuka kuyaangalia kama walivyomwelekeza bibi, na jua likawa kushoto. Walikuwa wamemlaza amekipa Kibla mgongo. Watu wale wote, kwa mapenzi yao yote, kwa uangalifu wa watu walioangalia miaka mingi bila kuuliza, walimgeuza bibi yangu upande usio wake, kwa kuwa tu walimzika juu ya chemchemi badala ya chini yake.

Binti wa jirani alikuwa ananiangalia. Alikuwa ameshika jembe kwa mikono miwili.

"Sasa niambie ukweli," akasema. "Tulifanya vizuri ao tulikosea? Mama alikuwa anauliza hiyo tu."

Nilimwona mama kitandani Yoba, na nikamwona yule jirani na gauni lake la rangi ya maziwa, amepiga magoti anaosha miguu ya rafiki yake kwa mpangilio aliouiba kwa macho. Nikasema, "Mlimpa heshima ambayo sisi watoto wake hatukuweza kumpa. Mungu awalipe." Kila neno lilikuwa kweli. Aliketi karibu nami, akalia kimya kimya, akafuta uso na ncha ya kitenge. Akasema basi mama yake apumzike.

Nilipoaga alinipa mchele mpya katika kikapu, na ndizi. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akasimama hapo mguu mmoja ukisugua mwingine.

Njia nzima kutoka Muyinga nilijiuliza nimwambie nini mama. Ningeweza kukomea kwenye sanda na maji na bismillahi, na angefurahi. Lakini mama yangu aliuza vitenge miaka mingi, akiwasikiliza watu wanaodanganya kuhusu rangi zinazochuja. Humpati. Nilipoingia alikuwa ameketi kitandani, mito mgongoni, anangoja. Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye kuoshwa alishika mkono wangu. Kwenye bismillahi alinikatiza.

"Wote walisema?"

Wote, mama. Alinirudisha nyuma nimweleze tena hapo, na tena. Kisha akauliza lile ambalo nilijua atauliza: walimlaza ameangalia wapi. Nikachora kwa kidole juu ya shuka. Hapa majaruba, hapa chemchemi, hapa kilima, hapa bibi. Nikaonyesha Kibla, nikaonyesha upande aliolazwa. Nikamwambia kama anataka tutamwuliza mwalimu wa madrasa, huenda kuna la kufanya.

Mama aliangalia shuka. Nilingoja alie. Alinyoosha kidole chake, kile kilichopinda kwa uzee, akakiweka pale nilipomweka bibi, akakivuta polepole kupita chemchemi, kupita majaruba, kuja chini kabisa ya shuka mpaka kikagusa goti lake mwenyewe. Kisha akainua macho kwenye dirisha dogo lile, lenye barabara ya Karuzi nje yake.

"Musimuguse," akasema. "Mi nikiswali naangalia kule kwake. Yeye walimulaza anaangalia huku kwetu. Basi tunaangaliana."

Jioni ile aliomba nipike ule mchele, na mawese na ndagala. Alikula vijiko vichache akasema haunuki kitu. Kweli haukunuka. Ule mrefu wa bibi haulimwi tena, na ukingo aliosimama umekuwa jaruba la mtu. Makopo yamenyamaza. Sijui kama kuna anayepiga bismillahi bondeni siku ya ikibiri, nilisahau kuuliza, na wale waliokuwa wakiisema wengi wako chini ya migomba yao. Mwalimu wa madrasa naye amezeeka, wanafunzi wa leo wanaonyeshwa Kibla kwenye simu.

Mama bado anaswali, ameketi. Kila alfajiri mimi ndiye ninayemgeuza kitandani na kumwekea mito mpaka uso wake uelekee dirishani. Hunionya nisipomweka sawa, anataka pale hasa. Mwalimu alisema Muyinga iko njiani.